Kutoka vumbi la Habaswein hadi meli iliyovunjika Mto Juba

Je, msomaji, umewahi kufika Habaswein? Ni mji mdogo wa Wajir Kusini, katika barabara itokayo Modogashe kwenda Wajir. Jina lake ni la Kisomali, na maana yake ni vumbi jingi. Ukiteremka garini wakati wa kiangazi utaona mara moja kwamba waliouita hivyo hawakukosea.

Sasa mtu akikuambia kwamba hapo ndipo pa kuanzia kutafuta historia ya meli ya mtoni, bila shaka utamcheka. Lakini subiri kidogo. Karibu na Habaswein ndipo ulipo ubwawa wa Lorian, ambamo Mto Ewaso Nyiro, baada ya kutoka nyanda za juu na kupita Isiolo, huenea na kuzama mchangani. Mvua ikiwa kubwa kupita kiasi, maji hufuata bonde la Lak Dera na kuingia Somalia, upande wa Mto Juba. Na huko Juba ndiko zilikopita meli mbili ambazo habari zake zinafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa historia ya nchi hii. Kumbuka kwamba hadi mwaka 1925 mto huo ndio uliokuwa mpaka wa Kenya. Mwaka huo Waingereza waliwakabidhi Waitaliano nchi ya Jubaland, pamoja na Kismayu.

Meli ya Baroni

Meli ya kwanza iliitwa Welf. Ilikuwa meli ndogo ya mvuke, ya chuma, mali ya Baroni Karl Klaus von der Decken, tajiri wa Hanover. Huyu si mgeni katika historia yetu. Mwaka 1862, akiwa pamoja na Otto Kersten, alipanda Kilimanjaro hadi kiasi cha meta 4,200, jambo ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Miaka mitatu baadaye Baroni aligeukia mito. Aliagiza Welf kutoka Ujerumani pamoja na chombo kingine kidogo zaidi, Passepartout, akaondoka Zanzibar katikati ya mwaka 1865. Taabu zilianza mlangoni mwa Mto Juba, pale mawimbi ya bahari yanapopambana na mkondo wa mto. Passepartout ilipotea papo hapo. Welf ilivuka, na mwezi wa Septemba ikafika Bardera, mamia ya kilomita kutoka pwani.

Baroni hakutosheka. Alitaka kwenda mbele zaidi, na juu kidogo ya Bardera mto hupita katikati ya miamba. Welf iligonga mwamba, ikatoboka. Baroni na daktari wake, Hermann Link, wakarudi Bardera kutafuta msaada. Hawakurudi tena. Mwanzoni mwa Oktoba kambi iliyokuwa karibu na meli ilishambuliwa, na huko mjini Baroni na daktari wakauawa. Wachache waliookoka walikimbia kwa mashua hadi baharini. Mmoja wao, Richard Brenner, alirudi pwani hiyo mwaka uliofuata kuulizia yaliyowapata wenzake.

Welf yenyewe ilibaki pale pale juu ya mwamba.

Meli ya Kampuni

Pita miaka 27. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati yake mwaka 1888, ilikuwa na meli yake ya mtoni jina lake Kenia. Chombo hiki hakikuhitaji kina kikubwa cha maji. Kilisukumwa na gurudumu kubwa lililofungwa nyuma, kikichoma kuni zilizokatwa kandokando ya mto. Nahodha wake alikuwa Kamanda F. G. Dundas, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza.

Mwaka 1891 Dundas aliipandisha Kenia Mto Tana hadi karibu na Hameye, akapita mahali ulipo mji wa Garissa leo. Kutoka huko yeye na wenzake, akiwemo C. W. Hobley, walikwenda kwa miguu hadi mitelemko ya Mlima Kenya. Mwaka 1892 akaipeleka Kenia Mto Juba. Alifika Bardera, na juu ya mji huo akayaona mabaki ya Welf yakiwa bado miambani. Mwishoni mwa mwaka huo huo Mmarekani William Astor Chanler alifika Lorian akitarajia kuona ziwa kubwa. Alikuta ubwawa.

Mwaka uliofuata meli iliyokuja kutafuta biashara ilikuwa imekuwa chombo cha vita. Askari wa Kampuni walipoasi karibu na Kismayu mwaka 1893, mabaharia wa manowari Blanche waliitumia Kenia kushambulia vijiji vya kando ya Juba. Kwa hiyo usishangae kwamba wazee wa mto huo hawakuukumbuka moshi wa meli kama ishara ya maendeleo tu.

Namna ya kufuata nyayo za meli

Huenda nawe, msomaji, unataka kujua historia ya chombo fulani: jahazi la babu, pantoni ya kivuko, au mashua iliyopinduliwa nyuma ya nyumba. Hadithi ya Welf inafundisha mambo matatu.

Kwanza, jihadhari na majina. Wajerumani waliandika Welf, Waingereza wakaandika Guelph. Mto Juba katika vitabu vya zamani ni Jub au Djuba. Bardera leo huandikwa Baardheere. Mwanafunzi anayetafuta kwa tahajia moja tu ataondoka mikono mitupu na kusema habari hazipo.

Pili, mfuate mwenye chombo. Meli haiandiki barua, lakini mwenye meli huandika. Safari za Baroni zilikusanywa na Kersten katika vitabu vilivyoanza kutoka mwaka 1869. Kampuni ilivunjika mwaka 1895, lakini makaratasi ya William Mackinnon aliyekuwa mkuu wake yamehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Hapa nyumbani anza na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, waulize watu. Angalia tena habari za Welf. Nyingi zilisimuliwa na waliokuwa melini au rafiki zao. Ni nani aliyeandika jinsi mambo yalivyoonekana kutoka ukingoni? Watu wa Bardera waliona nini walipotokewa na chombo cha chuma kinachotoa moshi, kimejaa wageni wenye bunduki? Kando ya Tana, Wapokomo walikuwa wakipita mto huo kwa mitumbwi ya mti mmoja zamani kabla ya Kenia, wakijua kila kona na kila fungu la mchanga. Majina yao hayamo katika vitabu vya mabaharia.

Wala usidhani mambo ya mashua yamepitwa na wakati huko kwenye vumbi. Mwezi Novemba 2023 mafuriko yalipoikata barabara kati ya Madogo na Garissa, watu walivuka kwa mashua. Aprili 2024, mafuriko yaliporudi, mashua ilipinduka na abiria wakapoteza maisha. Mashua hizo nazo zina historia: nani alizitengeneza, nani aliziendesha, nani aliokoa watu na nani hakurudi nyumbani.

Basi Jumapili hii, kabla babu hajasinzia baada ya chakula, mwulize alivuka mto gani katika ujana wake, kwa chombo gani, na jina la nahodha lilikuwa nani. Yaandike majibu yake, utie na tarehe. Chuma cha Welf kilikaa mwambani miaka 27 hadi akatokea mtu wa kukitazama. Kumbukumbu za babu hazitangoji kiasi hicho.