Ua la Bakor na mashine isiyojua lipi ni doa

Kwa wapiga picha wengi wa zamani, kazi ilikaribia kwisha mteja alipoinuka kitini. Kwa Omar Said Bakor wa mjini Lamu, hapo ndipo ilipoanza. Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki 1993, aliendesha studio iliyobeba jina lake, na humo alifanya kazi ambayo hadi leo humsimamisha mtu akaitazama mara ya pili. Aliichukua sura ya mteja, akaikata kwa mkasi, akaipandikiza mahali asipoweza kukaa mwanadamu, katikati ya ua kwa mfano, kisha akaupiga picha upya mpangilio wote hadi mtu na ua wakawa kitu kimoja. Uso unachipuka kwenye petali bila shingo wala mabega, umetulia kana kwamba hapo ndipo ulipoota. Aliyezoea nakshi za milango ya Lamu na mapambo ya plasta ndani ya nyumba za mawe haoni ugeni mkubwa: katika mji huu ua ni pambo la heshima tangu zamani, na Bakor alimtia mtu ndani ya pambo. Lakini katika kazi ya namna hii mkono wa fundi haufichiki kabisa. Pale karatasi mbili zinapokutana hubaki mstari mwembamba, ukingo uliopitiwa na mkasi, kivuli kisichoelekea upande mmoja na kivuli cha pili. Mstari huo ndio usionitoka akilini.

Haunitoki kwa sababu siku hizi unaweza kufutwa kwa kubofya mara moja. Familia nyingi za pwani zimeanza kutoa picha za zamani kabatini ili ziskaniwe, na zina haki ya kuharakisha. Hewa ya bahari haina huruma. Unyevu ukizidi, kuvu huota juu ya jelatini inayoshika picha, huitafuna taratibu na kuacha mizizi yake kama utando wa buibui. Filamu za asetati zikianza kuoza hutoa harufu ya siki. Slaidi nazo, vile vipande vya filamu vya milimita 24 kwa 36 vilivyobanwa kwenye fremu ya kadibodi au plastiki, zina ugonjwa wake. Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, hutunza rangi miaka mingi ikikaa gizani, lakini katika aina nyingine kadhaa samawati hutangulia kupotea, na mandhari yote hubaki mekundu kama machweo yasiyokwisha. Nani basi atakayelaumu juhudi za kuziokoa? Ninachohoji ni tunachokiita kuokoa.

Lugha yetu yenyewe inatuonya. Enzi za filamu, Mswahili hakusema picha zimechapishwa, alisema zimesafishwa. Mkanda ulipelekwa studio kusafishwa, na maana yake ilikuwa kuitoa gizani sura ambayo tayari imo, ila haijaonekana. Leo ukisema unaisafisha picha, unaeleweka kuwa unaiondolea kitu: kovu, doa, mkunjo, pengine hata jirani aliyesimama nyuma. Neno ni lile lile, kazi imegeuka kichwa chini. Usafishaji wa kwanza uliongeza tulichokiona. Huu wa pili hupunguza, na anayeamua kipunguzwe nini mara nyingi si mtu wa nyumba hiyo, wala si mtu kabisa.

Tazama namna skana nzuri za filamu zinavyotambua uchafu. Hupitisha miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Rangi za slaidi za kawaida huiachia miale hiyo ipite, vumbi huizuia, basi mashine ikajua papo hapo kipi ni vumbi kipi ni picha, na ikaziba pengo kwa kukisia kutoka pembeni. Ni ufundi wa kupendeza hadi unapoitia filamu ya kale ya rangi nyeusi na nyeupe. Humo sura imeumbwa kwa chembe za fedha, na fedha huizuia miale sawasawa na vumbi. Mashine haiwezi tena kutofautisha. Nyusi za bibi, kovu la babu, ukingo wa mkasi wa Bakor, vyote kwake ni uchafu. Ndiyo maana mafundi huizima njia hiyo wanapokutana na filamu kama hizo, na kusafisha kwa mkono, doa baada ya doa. Programu za akili mnemba zinakwenda mbali zaidi: zikikuta uso uliofifia hutunga macho na midomo kutokana na nyuso nyingine zilizotumika kuzifunza. Kinachorudi ni sura nzuri, ila huenda si ya marehemu wenu.

Hapa nakutana na pingamizi zito kuliko yote. Bakor naye alikuwa bingwa wa kugeuza picha. Kama yeye aliruhusiwa kumwotesha mtu ndani ya ua, kwa nini kompyuta ikatazwe kumpunguzia mikunjo? Swali ni la haki, na jibu halimo katika kugeuza kwenyewe bali katika nani alijua. Ua la Bakor halikumdanganya yeyote. Hakuna aliyeitazama picha ile akadhani kuna binadamu anayemea shambani. Fundi aliongeza ndoto mbele ya macho ya mwenyewe na ya watazamaji wake, na mstari wa mkasi ukabaki kuwa ushahidi wake. Programu hutenda kinyume. Inamgeuza asiyekuwapo kukubali wala kukataa, kisha inafuta nyayo zake. Mjukuu atakayeirithi picha hiyo miaka 40 ijayo hatajua ni wapi bibi anakomea na ni wapi makisio yanaanzia.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya Lamu kwenyewe, nalo ni la sitara. Picha ya mwanamke aliyejipamba ilikusudiwa macho ya nyumbani. Mtafiti Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi suala la kuonekana na kutoonekana lilivyo mzozo hai huku, na studio ya Bakor imo katika simulizi hiyo. Anayesema ni afadhali picha ioze sandukuni kuliko izagae kwenye simu hazungumzi upuuzi. Hata hivyo, kuskani si kutangaza. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha mwema huifunika. Fundi wa skana awe na adabu hiyo hiyo: faili zirudi kwa familia, zisibaki kwenye kompyuta yake, na familia ndiyo iseme ipi itoke na ipi ibaki ndani. Msikiti wa Riyadha, papa hapa Lamu, umekwisha kuonyesha kuwa hilo linawezekana kwa maandishi. Miswada yake ilinakiliwa kidijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, mpango ambao kanuni yake ni kuwa nyaraka halisi haziondoki nchini.

Kwa hiyo hoja yangu ni nyepesi kutekeleza kuliko kuieleza. Kila picha iwe na faili mbili. Ya kwanza iskaniwe jinsi ilivyo, na kovu zake na kuvu lake, katika muundo usiopoteza chochote kama TIFF, na isiguswe tena. Nakala zake tatu zikae mahali tofauti, moja mbali na bahari. Ya pili irekebishwe upendavyo kwa ajili ya ukutani, mradi iandikwe kuwa imerekebishwa. Na kabla ya yote mawili, aulizwe mzee wa nyumba: huyu ni nani, binti wa nani, harusi ya nani? Maana rangi ikipauka inaweza kurudishwa kwa kiasi, lakini jina likifa na aliyelijua hakuna skana ya kulirudisha. Wageni waliofika Lamu miaka ya 1960 na 1970 waliondoka na slaidi, na zilizosalia Ulaya na Marekani zina watu wa Lamu na wa kijiji jirani cha Shela wenye rangi kamili wasio na majina. Majina yako huku, vinywani mwa watu wanaozeeka.

Yapo nisiyoweza kuyafunga. Aliyekaa mbele ya Bakor akakubali kuwa ua la sebuleni, je, alikubali pia kuwa ukurasa wa kitabu cha ng'ambo? Ruhusa yake inarithiwa na nani: watoto wake, au watoto wa mpiga picha? Na familia ikigawanyika, mmoja akitaka picha ya mama ionekane na mwingine akitaka ifunikwe, kauli ya nani ipite? Maswali hayo yanahitaji baraza la watu, wala si programu. Lakini hata baraza litahitaji kuiona picha yenyewe mbele yake, na mstari wa mkasi ukiwa bado pale ulipoachwa.