Uniti za LUKU hazipotei gizani, lakini flashi huchakaa

DODOMA: Mwenye mashine ya kusaga nafaka huko Kibaigwa huingiza tarakimu 20 kwenye mita yake ya LUKU. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi huzikuta uniti zake palepale. Karani wa duka aliyekuwa akiandika hesabu kwenye kompyuta bila kuzihifadhi hana bahati hiyo. Tofauti yao imo katika malighafi ya kumbukumbu, na inamhusu kila anayenunua flashi au kadi ya simu mjini Dodoma.

Kumbukumbu ya kazi ya kompyuta ni ndoo inayovuja. Chaji iliyomo lazima ijazwe upya mara nyingi kila sekunde, na umeme huliwa hata kama hakuna kazi inayofanyika. Kumbukumbu ya kudumu hufungia elektroni katika kichumba chenye ukuta wa oksidi ya silikoni, jamii ileile ya mchanga na kioo, isiyopitisha umeme. Dawon Kahng na Simon Sze walilieleza wazo hilo nchini Marekani mwaka 1967. Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, akatokana nalo na flashi katika miaka ya 1980.

Kasoro iko ukutani. Kila kuandika na kufuta, elektroni husukumwa kupenya oksidi hiyo kwa nguvu, nayo huchakaa. Kichumba chenye biti moja huhimili takriban mara 100,000. Kikibanwa biti tatu, ni kati ya 1,000 na 3,000 hivi. Kubana huko ndiko kunakoshusha bei, kwa hiyo kadi rahisi yenye nafasi kubwa si lazima iwe bandia. Ila kuweka humo daftari pekee la wadaiwa ni kujitafutia hasara. Nakala ya pili ni gharama ndogo. Joto nalo huharakisha kuvuja: flashi iliyochakaa, ikiachwa miezi mingi bila kuchomekwa katika kibanda cha bati, inaweza kupoteza maandishi.

Wapo wanaotafuta malighafi nyingine, zikiwemo za sumaku, na mchanganyiko wa jerimani, antimoni na teluri unaobadili mpangilio wa atomi ukipashwa joto. Soko halijawapokea kwa urahisi. Intel ilileta Optane mwaka 2017 ili kuziba pengo kati ya kumbukumbu ya kazi na flashi. Mwaka 2022 ikatangaza kuachana na biashara hiyo.