Chaji Yaingia, Nyimbo Haziingii

Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita si ajabu kumkuta kijana kibandani, mbele ya kompyuta, akiwawekea wateja nyimbo katika vyombo vyao vidogo vya kuchezea muziki. Mara nyingine hutokea kioja: chombo huunganishwa kwa waya wa USB, taa yake huwaka na betri huanza kujaa, lakini kompyuta hukaa kimya kana kwamba haikuunganishwa na kitu. Mwenye chombo huhukumu upesi kwamba kimekufa. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Jibu limo ndani ya waya. Waya wa kawaida wa USB, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 1996, una nyuzi nne. Mbili huchukua umeme wa volti 5. Mbili nyingine huchukua habari, yaani nyimbo zenyewe zilizogeuzwa kuwa alama za sifuri na moja. Kwa hiyo kuchaji ni kazi moja na kuwasiliana ni kazi nyingine. Taa inapowaka, huthibitisha njia ya umeme tu. Tena zipo nyaya za bei nafuu zenye nyuzi mbili za umeme peke yake. Hizo haziwezi kupitisha wimbo hata mmoja.

Sababu nyingine ni vumbi. Katika plagi ya USB, ncha za umeme zimefanywa ndefu kuliko ncha za habari, ili umeme utangulie kufika. Chukulia sasa chombo kinachokaa mfukoni mwa mchimbaji mdogo, karibu na karasha zinazosaga mawe ya dhahabu. Vumbi likishindiliwa tunduni, plagi haifiki mwisho: ncha ndefu hugusana, na fupi hazigusani.

Mtafiti makini hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Huanza na waya, akitumia ule uliokwisha kupitisha nyimbo katika chombo kingine. Kisha hujaribu tundu jingine la kompyuta, halafu kompyuta nyingine. Baadaye hukizima chombo na kusafisha tundu lake taratibu kwa kijiti kikavu cha mti, wala si kwa sindano ya chuma. Abadilishaye vyote kwa mara moja, hata akifaulu, hatajua ugonjwa ulikuwa wapi.

Hatari kubwa huja mawasiliano yanaporudi nusunusu. Kompyuta hushindwa kukisoma chombo, ikaomba ruhusa ya kukifomati. Anayekubali huifuta orodha ya vyote vilivyohifadhiwa. Ikiwa humo mlikuwa na nyimbo za bugobogobo zilizorekodiwa kijijini kwa mzee ambaye sasa ni marehemu, hakuna duka litakalofidia hasara hiyo. Yafaa kukataa, kujaribu kompyuta nyingine, na chombo kikisomeka, kutoa nakala kabla ya jambo lolote. Aliyekwisha kukosea asitie wimbo mpya, kwani za zamani huenda bado zimo, na fundi mwenye programu ya kufaa aweza kuziokoa.

Darasani, mwalimu aweza kuupasua waya mbovu, usiounganishwa popote, na kuwaachia wanafunzi wahesabu nyuzi. Watakaokuta mbili tu watakuwa wamepata jibu la kioja cha kibandani kwa macho yao wenyewe.