Nyangwe: gazeti kuukuu, wino uliofifia na swali la nani aandike historia

Tarehe 15 Julai 1871, watu wapatao 1,500 walikuwa sokoni Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba, katika eneo ambalo leo ni teritwari ya Kasongo, jimboni Maniema. Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi walikuwa wamevuka mto kwa mitumbwi. Mabishano yakazuka juu ya bei ya kuku. Muda mfupi baadaye bunduki zikaanza kulia.

Watu walikimbilia mtoni. Mitumbwi ikabanana ufukweni, na waliojitupa majini wakazama au wakapigwa risasi wakiogelea. Waliofyatua bunduki walikuwa watu wa Dugumbe, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mmoja wa wakubwa wao aliitwa Tagamoio. Hesabu iliyotolewa na Waarabu wenyewe ilikuwa kati ya wafu 330 na 400.

Habari hizo zinajulikana duniani kwa sababu Mskochi David Livingstone alikuwa Nyangwe siku hiyo. Lakini namna zilivyotufikia ni kisa kingine.

Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi. Alichukua gazeti la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akaandika juu ya maneno yaliyokwisha kupigwa chapa, kwa wino alioutengeneza mwenyewe kwa rangi ya mmea. Wino huo ulififia, na kurasa zikawa karibu hazisomeki. Mwaka 1872, akiwa Unyanyembe karibu na Tabora, aliandika upya habari hizo kwa usafi katika daftari. Alifariki mwaka uliofuata, na mwaka 1874 rafiki yake Horace Waller alichapisha kitabu huko London kwa kutumia nakala hiyo safi. Kwa zaidi ya miaka 130, waliotaka kujua yaliyotokea Nyangwe walisoma kitabu hicho.

Mwaka 2011, watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walionyesha matokeo ya kazi mpya. Walipiga picha kurasa za gazeti lile kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa macho, na maandishi ya kwanza yakajitokeza. Walipoyalinganisha na nakala safi, waliona tofauti. Andiko la kwanza linaonyesha zaidi jinsi Livingstone alivyokosana na watu wa msafara wake mwenyewe, waliotumwa kwake kutoka Zanzibar. Wisnicki akauliza kama Livingstone aliogopa kwamba baadhi yao nao walikuwa na mkono katika mauaji.

Somo kutoka Roma

Kazi ya namna hii ina wazee wake. Katika karne hiyohiyo ya 19, wataalamu wa Ujerumani walikuwa wanaiandika upya historia ya Waroma wa kale. Barthold Niebuhr, aliyeanza kutoa kitabu chake juu ya Roma mwaka 1811, hakukubali tena kurudia tu yale aliyoyaandika Livy, mwandishi wa Kiroma aliyeishi karne nyingi baada ya wafalme wa kwanza. Aliuliza: mwandishi huyu alijuaje? Nani alimsimulia?

Mwaka 1816, mjini Verona, Italia, Niebuhr aligundua kitabu cha sheria cha Mroma aitwaye Gaius. Maneno yake yalikuwa yamekwanguliwa kwenye ngozi, na juu yake zikaandikwa barua za Mtakatifu Jerome. Wasomi wa wakati ule walimwaga dawa ili maandishi ya chini yaonekane, na mara nyingine dawa hiyo iliharibu ngozi yenyewe. Karatasi za Nyangwe zilisomwa kwa mwanga tu.

Baadaye alikuja Theodor Mommsen wa Berlin, aliyepewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1902 kwa sababu ya historia yake ya Roma. Yeye alisimamia kazi kubwa ya kukusanya maandishi ya Kilatini yaliyochongwa kwenye mawe. Humo mlikuwa pia na majina ya askari, mafundi na watumwa walioachiwa huru, watu ambao vitabu vya wakubwa havikuwataja.

Katika Berlin hiyohiyo, mwaka 1902 na 1903, Heinrich Brode alichapisha maisha ya Tippu Tip, tajiri aliyeweka makao yake Kasongo, kwa maneno yake mwenyewe na kwa Kiswahili. Hivyo Maniema ina shahidi wake wa lugha yetu. Lakini naye alikuwa mwenye bunduki. Kitabu chake kinahitaji maswali yaleyale ambayo Niebuhr alimwuliza Livy.

Sauti zinazokosekana

Maswali haya si ya wasomi peke yao. Barua za Livingstone juu ya Nyangwe zilisomwa Uingereza na kuamsha hasira, na mwezi Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1893, jeshi la Dhanis liliteka Nyangwe na Kasongo kwa jina la kupiga vita utumwa, na utawala wa Leopold wa Pili ukaingia na mateso yake.

Niebuhr alidhani kwamba nyuma ya hadithi za Roma ya kwanza kulikuwa na nyimbo za watu wa kawaida, zilizopotea bila kuandikwa. Wengi walimpinga, kwa kuwa nyimbo zenyewe hazikuwepo tena. Hapa kwetu, Jan Vansina, aliyefanya utafiti kwa Wakuba wa Kasai kuanzia mwaka 1953, alionyesha kwamba masimulizi ya wazee yanaweza kupimwa kama karatasi: nani alisema, alisikia kwa nani, na simulizi la kijiji cha jirani linasemaje.

Kipimo hicho kinaweza kutumika kando ya Lualaba pia, kwa Wagenya na majirani zao, maadamu wazee wapo. Katika maandishi ya Livingstone juu ya siku ile, Tagamoio anatajwa kwa jina, na bishano la kuku limeandikwa. Wanawake waliokufa wakitoka sokoni wamebaki hesabu tu.