Nuru Isiyoonekana kwa Macho

Makaa yachomwayo Kisarawe na makaa yapikiayo Kibaha yatufundisha jambo moja. Keti kando ya jiko lililokolea, wala usiliguse. Uso wako waona joto. Sasa weka ubao kati ya uso na jiko: joto lakatika mara. Uondoe, larudi mara. Si hewa iliyokufikia, maana hewa ya moto hupanda juu. Iliyokufikia ni nuru, ila jicho la mwanadamu halikupewa uwezo wa kuiona. Huitwa infraredi, yaani nuru iliyo chini ya wekundu. Waalimu, jaribuni jambo hili mbele ya watoto.

Aliyeigundua ni William Herschel, mtaalamu wa nyota huko Uingereza, mwaka 1800. Aliipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu, zikatokea rangi kama za upinde wa mvua. Akapima joto la rangi moja moja. Kisha akaweka kipimajoto nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana kitu. Hapo joto likazidi kuliko penye rangi zote.

Kila kitu chenye joto hutoa nuru hiyo: jiko, ukuta uliopigwa na jua, hata mwili wa mtu. Kile kipimo kielekezwacho kwenye paji la uso, kilichoenea wakati wa Korona mwaka 2020, hakiupigi mwili kwa infraredi; huipokea itokayo mwilini na kuihesabu. Nacho chombo kibanwacho kidoleni mwa mgonjwa hupitisha nuru nyekundu na infraredi, kwa kuwa damu yenye oksijeni hainyonyi nuru hizo sawasawa na damu iliyopungukiwa.

Lakini, enyi wazazi, angalieni sana. Kipimo cha paji husoma joto la ngozi, wala hakijui sababu yake. Mtoto aliyetoka juani aweza kudhaniwa ana homa. Na mwenye malaria, ambaye homa yake imeshuka kwa saa chache, aweza kudhaniwa mzima. Basi mtoto akiwa na homa usiku, asubuhi kipimo kikasema amepoa, msimwache nyumbani. Mpelekeni zahanati siku iyo hiyo apimwe damu. Mungu ametujalia vyombo vya kuyaona yaliyofichika. Ametujalia na akili ya kujua mwisho wa kila chombo.