Kabla ya kumrudisha mtoto nyumbani, tafuteni kosa lilipo

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, ufa huzibwa na yule auonaye. Je, msomaji, ufa usioonekana utazibwaje?

Swali hili limenijia kutokana na kisa nilichokishuhudia mtaani Buruburu, ninakoishi. Asubuhi moja, yapata saa nne, nilikutana na binti wa jirani yangu akirejea nyumbani, sare mwilini na mkoba begani, ilhali wenzake walikuwa darasani. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wanasema mama hajalipa karo." Mamake, muuza mboga, alikuwa amelipa kwa simu siku nne zilizotangulia, na ujumbe wa kuthibitisha malipo ulikuwa ungali katika simu yake. Programu ya shule ndiyo iliyokuwa haijaziona fedha hizo. Ilikuwa mara ya tatu muhula huo kwa binti huyo kufukuzwa kwa deni lisilokuwapo.

Wazazi walipolalamika, shule hiyo, ambayo jina lake nalisitiri, iliunda kamati ndogo ya kuchagua programu ya kuichunga ile programu ya karo. Kamati ilikuwa na mhasibu, mwalimu wa hisabati, kijana aliyeiunda programu yenyewe, na mimi. Nilitaka kukataa, maana mimi ni mtu wa isimu, si wa tarakilishi. Leo nafurahi kwamba sikukataa.

Yafaa kwanza tutofautishe aina mbili za walinzi hawa. Aina ya kwanza hupima utendaji: seva inajibu kwa kasi gani, kumbukumbu yake imejaa kiasi gani, ni sehemu ipi inayokawia. Aina ya pili hufuatilia hitilafu: programu inapokwama, mlinzi hunakili mahali ilipokwama, saa ngapi, na ilikuwa ikifanya nini. Zipo bidhaa zinazofanya kazi zote mbili, lakini ni kosa kudhani kwamba anayeifanya moja vizuri huifanya na ya pili vivyo hivyo.

Tulianza kwa majaribio ya mlinzi wa aina ya kwanza. Alituletea michoro ya kupendeza na habari njema: seva ni nzima, wastani wa muda wa kujibu ni mzuri. Mwalimu wa hisabati ndiye aliyetuzindua. Alichukua chaki akaandika ubaoni: ikiwa maombi 95 kati ya 100 yatajibiwa kwa sekunde 1, na 5 yaliyobaki yakangoja sekunde 40, wastani utakuwa chini ya sekunde 3. Mwenye kuutazama wastani atasema mambo ni shwari, na wale watano hawatasemewa na mtu. Kila mwalimu anajua kwamba wastani wa darasa humficha mwanafunzi wa mwisho. Basi swali letu la kwanza kwa kila muuzaji likawa hili: je, chombo chako kitatuonyesha waliongoja kuliko wote, au kitatupa wastani tu?

Hapo ndipo isimu ilipoingia. Mwaka 1967, mwanaisimu S. P. Corder alichapisha makala iliyobadilisha namna tunavyoyatazama makosa ya wanaojifunza lugha. Alitenganisha kuteleza na kukosea. Anayeteleza anaijua kanuni ila ulimi au kalamu imemponyoka. Anayekosea anaifuata kanuni isiyo sahihi, na kwa hiyo atarudia. Mwanafunzi aandikaye "kitabu yangu, kiti yangu, kisu yangu" hupigwa mistari mitatu myekundu, lakini kosa lake ni moja: upatanisho wa ngeli ya KI-VI. Mwalimu anayehesabu mistari atachoka bure. Anayeitambua kanuni iliyopotoka atafundisha somo moja, na mistari yote mitatu itatoweka.

Mlinzi bora wa hitilafu ni mwalimu wa namna hii ya pili. Hakuletei taarifa 300 za matukio 300. Huyakusanya yale yaliyozuka mahali pamoja katika programu, akakuambia: hili ni kosa moja, limetokea mara kadhaa, lilianza siku fulani baada ya badiliko fulani. Anayepiga kelele kwa kila jambo ni kama mbwa abwekaye usiku kucha; siku ya mwizi hakuna atakayeamka.

Tulimjaribu mlinzi wa aina hii kwa majuma mawili. Malipo yaliyokataa kuandikwa aliyaweka yote katika fungu moja, na tulipoyasoma majina ya wanafunzi husika, nilishtuka. Kila jina lilikuwa na ng', kama lilivyo neno ng'ombe. Ile ritifaa ndogo, ambayo kwetu ni sehemu ya herufi, katika lugha ya programu hiyo ilikuwa alama ya kufunga maneno. Programu ilisoma jina hadi kwenye ritifaa, ikadhani limekwisha, ikakwama. Kijana wetu alishika kichwa. Hitilafu ilikuwa ikiandikwa katika daftari la matukio tangu siku ya kwanza, ila daftari halikuwa na msomaji. Siku zote hizo ofisi iliamini kwamba wazazi wale ni wadanganyifu.

Wakenya hawahitaji kuhubiriwa umuhimu wa daftari la matukio. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza pande za kesi ya uchaguzi wa urais ziruhusiwe kuzikagua seva za tume, na kutotekelezwa kikamilifu kwa agizo hilo kukawa miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa katika hukumu ya kuubatilisha uchaguzi huo. Tofauti ni kwamba kwa mtoto wa Buruburu hakuna wakili.

Fauka ya hayo, mlinzi aonaye mengi naye ana hatari zake. Taarifa zilizotufumbulia fumbo zilibeba majina ya watoto na nambari za simu za wazazi, na aghalabu huduma hizi huhifadhi taarifa zake ng'ambo. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na inaweka masharti ya kuipeleka data nje ya nchi. Tuliamua kwamba majina na nambari zifutwe kabla taarifa haijatoka shuleni, ibaki aina ya alama iliyosababisha kukwama.

Kuhusu gharama, zipo programu ambazo waweza kuziweka katika seva yako bila ada ya leseni. Sentry, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ndogo ya David Cramer, ni mojawapo. Lakini punda wa bure naye hula: yataka seva yenye nguvu na mtu wa kuitunza. Isitoshe, mlinzi akikaa katika seva ile ile anayoilinda, umeme ukipotea watalala wote wawili. Mlinzi na akae nyumba ya pili.

La mwisho ni lugha. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa ili Kiswahili kiandikwe kwa namna moja kutoka koloni hadi koloni. Katika fani hii, mwaka 2019 miradi miwili, OpenTracing na OpenCensus, iliungana ikawa OpenTelemetry, yaani lugha sanifu ya kupeleka vipimo. Chombo kinachoielewa lugha hiyo hakikufungi. Ukichoka nacho, utahamia kingine bila kuandika upya kila kitu.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaojifunza kuunda programu, chombo chochote mtakachokichagua hakitafaa kitu ikiwa hapana mtu aliyepewa kazi ya kukisoma. Katika shule ile, mhasibu na kijana wetu husoma taarifa kila asubuhi kabla ya kengele, na wazazi wamepitisha kanuni moja: mtoto hatoki langoni kwa sababu ya karo mpaka daftari la matukio liangaliwe na mzazi apigiwe simu.

Yule binti alirejea darasani. Mamake aliombwa radhi mbele ya wazazi wengine, kwa jina lake kamili, na safari hii liliandikwa pamoja na ritifaa yake.