Oscar Baumann na Nchi Iliyokuwa na Wenyewe

Oscar Baumann, mpelelezi wa Austria aliyezaliwa Vienna mwaka 1864, hutajwa katika maandishi mengi kuwa mgunduzi wa Ngorongoro, Ziwa Eyasi na Ziwa Manyara, na jina lake huhusishwa pia na nyanda za juu ambazo leo zimo katika wilaya za Mbulu na Hanang. Sifa hiyo yapasa kupimwa, kwa kuwa nchi aliyoipita haikuwa pori tupu.

Mwanzoni mwa 1892 Baumann aliondoka Tanga akiongoza msafara uliogharimiwa na kamati ya Ujerumani ya kupinga utumwa, akafika Ngorongoro mwezi Machi, akaendelea hadi Ziwa Viktoria na Burundi, na wakati wa kurejea pwani akapita katika nchi ya Wairaqw. Kotekote alikuta watu. Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, yaani ya ukoo mmoja na Kisomali na Kioromo, walikuwa wakilima miteremko ya Irqwa Da'aw, karibu na ulipo mji wa Mbulu, kwa kutumia samadi ya ng'ombe waliolazwa ndani ya nyumba na kwa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Wadatoga, wafugaji wa asili ya Kiniloti, walichunga mifugo kuuzunguka Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, nao Wahadzabe waliwinda na kurina asali katika bonde la Yaeda. Hata Ngorongoro ilikuwa ya Wadatoga kabla Wamasai hawajawaondoa katika karne ya 19, na kaburi la mkuu wao mmoja limo humo hadi leo. Hivyo Baumann alikuwa mgeni katika nchi iliyokwisha kubadilisha wenyewe.

Tena hakusafiri kwa maarifa yake peke yake. Msafara wa aina hiyo ulibebwa na wapagazi, ukasema kwa vinywa vya wakalimani na kuoneshwa maji na wenyeji, kiasi kwamba sehemu kubwa ya ramani ya mpelelezi ni majibu ya watu wasiotajwa. La ajabu zaidi ni kwamba kwa mapatano ya 1886 na 1890 Uingereza na Ujerumani zilikwisha kugawana eneo hili, kwa hiyo Mbulu ilihesabiwa kuwa ya Wajerumani kabla Baumann hajaikanyaga, na kazi yake ikawa kuijaza ramani ambayo mipaka yake ilichorwa Ulaya.

Hata hivyo haifai kumnyima haki yake. Kitabu chake, kilichotoka Berlin mwaka 1894, kina maelezo ya Wamasai waliokondeana kwa njaa baada ya sotoka, maradhi yaliyoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 hivi, na ushahidi huo wa mtu aliyeona kwa macho mwanahistoria hawezi kuupuuza. Anastahili kuitwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kuandika habari za sehemu hizo na kuzichora. Heshima ya kuigundua nchi ni ya waliotangulia kuishi humo, na waandishi wa vitabu vya shule na vya utalii wanaombwa kuandika hivyo.